Kuchagua Toleo Sahihi la Filamu ya Zamani ya Kikauboi kwa Kutazama Nyumbani

Mtu anayemwandikia ndugu yake aliyeko London, "Niletee ile picha ya kauboi ya Clint Eastwood, ile inayoishia makaburini," ameitaja filamu, lakini bado hajasema aletewe nini hasa. Filamu moja ya miaka ya 1960 huwa imetolewa kwa matumizi ya nyumbani mara kadhaa: kwanza kwenye kanda za video, kisha kwenye DVD, kisha kwenye Blu-ray, na siku hizi kwenye diski za 4K, zenye picha kali zaidi, na katika kila hatua watoaji wanaweza kuwa wamebadili urefu wake, rangi zake, umbo la picha yake na hata mlio wa bastola zake. Matoleo yote hayo huuzwa kwa jina lilelile, na mara nyingi kwa picha ileile ya jaladani. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, ambaye aghalabu hulipia pia usafirishaji wa mzigo, na ambaye kurudisha diski Ulaya ni gharama nyingine juu ya ile ya kwanza, kazi ya mwanzo ni kuchagua toleo. Bei iulizwe baadaye.

Mwongozo huu nimeuandika hasa kwa ajili ya wale wanaotaka kumnunulia baba, mama au babu filamu aliyoipenda alipokuwa kijana, enzi ambazo watu walipanga foleni kwenye majumba ya sinema ya Empress na Avalon kumtazama stelingi akipambana na maadui jangwani. Mzee wa namna hiyo anaikumbuka filamu yake vizuri, na akiwekewa toleo lililokatwa au lililobanwa pembeni atalitambua hata kama hatasema neno. Kwa mifano nitaitumia zaidi The Good, the Bad and the Ugly, iliyoongozwa na Sergio Leone na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Italia Desemba 1966, kwa sababu karibu kila jambo linaloweza kumkwaza mnunuzi limo katika historia ya matoleo yake.

Anza na deki, si diski

Kabla ya kuagiza chochote, geuza deki yako usome kilichoandikwa nyuma au chini yake. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda ili diski iliyouzwa sehemu moja isichezwe sehemu nyingine, na mgawanyo huo bado unafanya kazi. Kwa upande wa DVD, Tanzania iko katika ukanda wa 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Marekani na Kanada ziko ukanda wa 1. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, Dubai na nchi za Ghuba, pamoja na Afrika Kusini, ziko ukanda wa 2. China iko ukanda wa 6. Namba ya ukanda huchapwa nyuma ya kasha ndani ya mchoro mdogo wa tufe, na mara nyingi mchoro kama huo umo pia mgongoni mwa deki.

Blu-ray ina mgawanyo wake, nao hutumia herufi. Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati ziko ukanda B. Marekani na bara zima la Amerika, pamoja na Japani na Korea, ziko ukanda A. India, China na Urusi ziko ukanda C. Jambo hili lina faida kwetu ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Blu-ray iliyonunuliwa Uingereza, Dubai au Afrika Kusini inaendana na deki iliyotengenezwa kwa soko la Afrika, wakati DVD kutoka nchi hizohizo haiko katika ukanda wetu. India ni kinyume chake: DVD zake ziko nasi katika ukanda wa 5, lakini Blu-ray zake zina herufi nyingine. Diski za 4K hazina kizuizi cha ukanda, hivyo zinacheza kwenye deki yoyote ya 4K popote duniani.

Deki nyingi za DVD za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo huelezwa na wauzaji kuwa zinacheza diski za kanda zote, na nyingi kweli hucheza. Hata hivyo usikubali maneno matupu. Nenda na diski moja ya Marekani na moja ya Uingereza, hata za kuazima, uombe ziwekwe mbele yako. Kwa Blu-ray uangalifu uongezeke, kwa sababu deki za Blu-ray zinazocheza herufi zote tatu ni chache na kwa kawaida huuzwa ghali. Wenye PlayStation wanapaswa kujua kwamba PlayStation 3 na 4 zinacheza Blu-ray za ukanda zilikouzwa mashine hizo, na kwamba PlayStation 4 haichezi diski za 4K kabisa, hata ile iliyoitwa Pro. PlayStation 5 yenye sehemu ya kuingizia diski inazicheza.

Kuna pia suala la mfumo wa picha. DVD za Marekani zimetengenezwa kwa NTSC, za Uingereza kwa PAL, mfumo ambao ndio tuliouzoea Tanzania. Runinga bapa za sasa kwa kawaida hupokea mifumo yote miwili, hivyo wengi hawatakutana na tatizo. Aliyebaki na runinga ya chogo ndiye anayeweza kuona picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka, na huyo ashikamane na diski za PAL.

Urefu: soma dakika kabla ya kusoma kitu kingine

Nyuma ya kila kasha huandikwa muda wa filamu kwa dakika. Tarakimu hizo mbili au tatu zitakueleza mambo mengi kuliko sifa zote zilizochapwa kwa herufi kubwa, mradi ujue namna ya kuzisoma.

The Good, the Bad and the Ugly ilipopelekwa Marekani Desemba 1967 ilikuwa na dakika 161, baada ya kupunguzwa kutoka urefu wa toleo la Kiitaliano. Toleo hilo la dakika 161 ndilo waliloliona wengi walioitazama kwa Kiingereza. DVD iliyotolewa na kampuni ya MGM mwaka 1998 ilikuwa na filamu ya urefu huo, na vipande vilivyoondolewa viliwekwa kando kama nyongeza, vikiwa kwa Kiitaliano. Mwaka 2003 vipande hivyo vilirudishwa ndani ya filamu yenyewe, ikafika dakika 179. Kwa kuwa havikuwahi kuingizwa sauti ya Kiingereza, Clint Eastwood na Eli Wallach waliitwa tena studio kuyasema maneno yao, Eastwood akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70 na Wallach zaidi ya 80. Lee Van Cleef alikuwa amefariki mwaka 1989, hivyo sehemu yake ilisemwa na mtu mwingine. Ukiitazama filamu hiyo usiku mmoja mfululizo utasikia waziwazi: Tuco, mhusika aliyeigizwa na Wallach, anazungumza kwa sauti kali ya mtu wa makamo, mara kwenye kipande kinachofuata sauti yake inakwaruza na kuwa nzito, kisha baada ya dakika chache anakuwa kijana tena. Si hitilafu ya diski wala ya sabufa yako.

Je, toleo refu ndilo halisi zaidi? Wauzaji watakuambia hivyo, lakini mimi sikubaliani nao. Miongoni mwa vipande vilivyoingizwa mwaka 2003 kipo kile cha Tuco kuwatafuta washirika wake pangoni, na kipande hicho Leone mwenyewe alikiondoa baada ya onyesho la kwanza la Roma. Toleo la dakika 179 kwa hiyo si lile la Marekani na si lile ambalo mwongozaji aliliacha likaonyeshwa Italia; ni la tatu, lililokusanywa miaka mingi baada ya yeye kufariki mwaka 1989. Lina thamani yake, hasa kwa mtu anayeijua filamu na anayetaka kuona kilichopotea. Kwa mzee anayetaka kuiona tena filamu aliyoiona ujanani, au kwa kijana anayeitazama kwa mara ya kwanza, nashauri dakika 161 bila kusita.

Sasa ifuate hesabu ambayo huwapotosha hata wanunuzi wazoefu. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde, lakini PAL huonyesha picha 25. Watengenezaji wa DVD za PAL kwa kawaida huiharakisha filamu kidogo ili ilingane, na hivyo kila kitu kinakwenda kasi kwa takriban asilimia 4, sauti nayo ikipanda kidogo. Filamu ya dakika 161 inakuwa ya dakika 154 na ushee, na ile ya dakika 179 inakuwa ya dakika 172 au pungufu kidogo, bila kukatwa hata kipande kimoja. Kwa hiyo DVD ya Uingereza inayosema dakika 171 ni toleo refu lililokamilika, na inayosema 155 ni toleo la sinema lililokamilika. Ukikutana na DVD ya PAL, chukua dakika zake, zidishe kwa 25, gawanya kwa 24, ndipo ulinganishe. Blu-ray nyingi huonyesha picha 24 kwa sekunde kama sinema, hivyo dakika zake zisomwe kama zilivyo.

Umbo la picha

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni ya ile mistari mipana myeusi inayobaki juu na chini ya picha. Watu hudhani wameuziwa diski mbovu, au wanabonyeza rimoti mpaka picha ijae kioo chote. Mistari hiyo ni dalili njema. Filamu za Leone za miaka ya 1960 zilipigwa kwa umbo ambalo upana wake ni mara 2.35 ya kimo, na runinga za kisasa zina upana wa mara 1.78 tu, picha nzima ikiingizwa humo lazima ibaki nafasi tupu juu na chini, karibu robo ya kioo.

Hasara halisi iko upande wa pili. Kanda nyingi za video na DVD za awali ziliijaza runinga ya chogo kwa kukata pembe za picha, na kwa filamu ya umbo hilo kinachopotea ni zaidi ya asilimia 40 ya upana wake. Chukua pambano la mwisho pale makaburini, ambapo wanaume watatu wamesimama kwenye duara la mawe, kila mmoja akiwatazama wawili kwa zamu. Kwenye picha iliyokatwa, pale ambapo Leone aliwapanga wote watatu kwenye fremu moja, mmoja anaweza kutoweka kabisa au ukabaki mkono wake tu, na mtazamaji hajui nani anamtazama nani. Jalada lenye maneno yanayosema kwamba picha imerekebishwa ili ijaze runinga yako lirudishe kwa muuzaji.

Lakini usifanye kanuni kwamba filamu nzuri ni pana. Karibu filamu zote za kabla ya 1953 zilikuwa karibu na mraba, upana mara 1.37 ya kimo. High Noon ya mwaka 1952, yenye dakika 85 na isiyo na rangi, ni ya umbo hilo, na kwenye runinga ya leo itabakiza nafasi nyeusi kulia na kushoto. Iache hivyo. Mfano wa Shane unaonyesha kwamba hata wataalamu hukosea: filamu hiyo ilipigwa kwa umbo la 1.37, ikatolewa mwaka 1953 wakati majumba ya sinema yalikuwa yanahamia kwenye vioo vipana, hivyo ikaonyeshwa ikiwa imepunguzwa juu na chini. Blu-ray yake ilipotangazwa mwaka 2013 ilipangwa itoke katika umbo hilo lililopunguzwa. Wapenzi wa filamu wakapinga, na ikatoka katika umbo lake la asili.

Kuna kasoro moja ya DVD za zamani ambayo haiandikwi waziwazi kwenye kasha. Baadhi zilitengenezwa kwa runinga ya chogo, mistari myeusi ikiwa imechapwa ndani ya picha yenyewe. Ukiiweka diski hiyo kwenye runinga bapa, picha inaelea katikati ikiwa imezungukwa na weusi pande zote nne. Njia ya kuikwepa ni kutafuta maandishi ya 16:9 nyuma ya kasha. Diski ya filamu pana isiyo na 16:9 popote uichukue tu ikiwa hakuna toleo lingine.

Rangi na chembechembe

Mnunuzi akiona maneno 4K na kukumbuka bei aliyolipa, hutarajia picha inayong'aa kama ya mechi ya mpira. Kwa filamu za kikauboi za Italia matarajio hayo si ya haki. Wengi wa waongozaji wake, Leone akiwamo, walitumia mfumo ulioitwa Techniscope, ambao kila picha ilichukua kimo cha matundu mawili ya utepe wa filamu badala ya manne. Gharama ya utepe ilipungua kwa nusu, lakini picha ndogo ikabidi ikuzwe zaidi ili ijaze kioo, na chembechembe za utepe zikakuzwa pamoja nayo. Kwa upande mwingine, The Searchers ya John Ford, ya mwaka 1956, ilipigwa kwa VistaVision, ambapo utepe hupita kwa ulalo na kila picha huchukua matundu manane. Hasi (utepe wa asili uliopita ndani ya kamera) kubwa namna hiyo hutoa anga na mawe ya Monument Valley yakiwa safi ajabu. Filamu hizi mbili zisilinganishwe kwa kipimo kimoja.

Chembechembe zikionekana zinacheza taratibu usoni mwa mtu, hiyo ni filamu. Ubaya ni pale watoaji wanapozifuta kwa kompyuta, kwa sababu mashine haijui tofauti kati ya chembe na kinyweleo. Kipimo kizuri kiko mwanzoni kabisa mwa filamu ya Leone: jangwa pana, kimya, kisha ghafla uso wa mwanamume mmoja unaingia mbele ya kamera na kulifunika lote. Simamisha picha hapo. Ukiona vinyweleo, makovu, jasho na vumbi kwenye mikunjo ya ngozi, una toleo lililotendewa haki. Ngozi ikiwa laini na yenye kung'aa kama nta, toleo hilo limesafishwa kupita kiasi.

Rangi nazo zinatofautiana. Mwaka 2014 ilitoka Blu-ray iliyotokana na usafishaji mpya wa 4K, yenye picha kali kuliko zote zilizotangulia, lakini yenye unjano uliotanda kila mahali, hata kwenye anga na mashati meupe. Mwaka 2017 kampuni ya Kino Lorber ya Marekani ilitoa toleo lake lililojaribu kupunguza unjano huo, likiwa na filamu ya dakika 161, na mwaka 2021 ikatoa diski ya 4K ya urefu huohuo. Hapa ndipo habari za kanda zinaporudi. Blu-ray ya Kino ni ya ukanda A, hivyo deki ya ukanda B itaikataa. Diski yake ya 4K haina kizuizi. Kwa mwenye deki ya 4K, hiyo ya 2021 ndiyo ningeiagiza. Kwa mwenye Blu-ray ya kawaida, toleo la ukanda B litamfaa, akikagua dakika na mwaka wa kutolewa kabla ya kulipa.

Sauti

Filamu za kikauboi za Italia zilipigwa bila sauti ya pale pale. Waigizaji wa mataifa mbalimbali walisema maneno kila mmoja kwa lugha yake, na sauti zote zikaingizwa baadaye studio, za Kiitaliano kwa soko la Italia na za Kiingereza kwa masoko ya Kiingereza. Midomo kutolingana na maneno ni sehemu ya filamu, na hakuna deki itakayoirekebisha. Eastwood, Wallach na Van Cleef walisema Kiingereza mbele ya kamera, kwa hiyo kwa sehemu zao sauti ya Kiingereza ndiyo inayokaa vizuri.

Jambo la kutafuta nyuma ya kasha ni neno mono, au alama 1.0. Sauti ya asili ya filamu hizi ilikuwa ya njia moja. Matoleo mengi yameipanua ikawa 5.1, yaani sauti ya spika tano na sabufa moja, na katika kufanya hivyo baadhi yamebadilisha milio ya bunduki na kuweka mipya. Kwa filamu ya kauboi hilo si jambo dogo, maana mtu aliyeitazama mara nyingi anaijua milio ile kama anavyozijua nyimbo za Ennio Morricone zilizomo. Toleo lenye sauti zote mbili ndilo bora, lenye 5.1 peke yake ni la pili. Ukicheza mono kwenye sabufa, zima mwangwi na punguza besi, la sivyo maneno yatazama. Chagua pia toleo lenye maandishi ya chini ya Kiingereza, kwa kuwa ya Kiswahili kwa kawaida hayamo, na mzee ambaye masikio yamechoka atafuatilia kwa urahisi zaidi.

Ukiwa dukani au kwenye meza ya muuzaji

Toa diski kwenye kasha, igeuze, iinamishe kwenye mwanga wa taa. DVD iliyochapwa kiwandani huwa ya rangi ya fedha, au ya dhahabu hafifu ikiwa na tabaka mbili. Yenye rangi ya zambarau imechomwa kwenye kompyuta, hata kama jalada limechapwa vizuri namna gani. Kisha tazama pete ya ndani, karibu na tundu: diski ya kiwandani huwa na namba ndefu iliyochongwa na, kwa maandishi madogo sana, herufi IFPI zikifuatiwa na msimbo. Stempu ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), ambayo kwa kazi za filamu na muziki ilianzishwa mwaka 2013, ukiiona jaladani ni habari ya kodi. Haikuelezi ni toleo gani lililomo.

Zile diski zenye filamu kumi au ishirini za kauboi kwenye kasha moja zinavutia kwa bei, lakini fanya hesabu. DVD ya tabaka moja ina nafasi ya gigabaiti 4.7 na ya tabaka mbili 8.5. Filamu moja ya karibu saa tatu iliyotengenezwa vizuri inaweza kuimeza sehemu kubwa ya diski ya tabaka mbili. Ukigawanya 8.5 kwa kumi, kila filamu inapata chini ya gigabaiti moja, na matokeo yake utayaona kwenye anga la jioni linalovunjika vipande vya mraba na kwenye mavumbi ya farasi yanayogeuka ukungu. Zaidi ya hayo, nyingi kati ya diski hizo zimetengenezwa bila ruhusa ya wenye haki.

Kuagiza kutoka nje

Kwenye ujumbe wako kwa ndugu au wakala usiandike jina la filamu peke yake. Andika jina, mwaka wa filamu, kampuni iliyotoa diski, mwaka wa toleo, aina ya diski, ukanda, dakika, na namba iliyo chini ya mistari ya kusomwa na mashine nyuma ya kasha. Namba hiyo ndiyo inayotofautisha matoleo mawili yenye jalada moja. Omba risiti iwekwe ndani ya mzigo, kwa sababu ukipitia Posta au uwanja wa ndege unaweza kutozwa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na bila risiti thamani itakadiriwa na ofisa.

Kuitayarisha runinga na kuitunza diski

Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwa ajili ya dukani: mwanga mkali, ukali wa picha uliozidi, na programu ya kulainisha mwendo inayoifanya filamu ionekane kama tamthilia ya video. Ingia kwenye mipangilio, chagua hali ya sinema, zima ulainishaji wa mwendo, shusha ukali, na weka ukubwa wa picha ule usiokuza wala kuvuta. Unganisha deki kwa waya wa HDMI na si kwa zile waya tatu za rangi.

Diski mpya icheze yote tangu mwanzo hadi mwisho mapema, wakati bado unaweza kuibadilisha. Kusita kwa nusu sekunde katikati ya DVD ya tabaka mbili ni kawaida. Kuganda mahali palepale kila mara ni kasoro. Umeme ukikatika diski ikiwa inazunguka, chomoa deki kwenye soketi mpaka umeme urudi na utulie, na kama uwezo upo iwekee stabilaiza.

Joto na unyevu wa pwani haviihurumii diski. Ifute kwa kitambaa laini kikavu kuanzia katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mzunguko ni mgumu zaidi kwa mashine kuuruka. Kwenye Blu-ray taarifa zimelazwa milimita 0.1 tu chini ya uso, hivyo alama ya kidole ifutwe mapema. Makasha yasimame wima, mbali na dirisha linalopigwa na jua na mbali na ukuta unaotoa chumvi, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ndani ya kila kasha weka karatasi yenye ukanda wa diski, urefu wa toleo na njia ya sauti ya kuchagua, ili mjukuu atakayemwekea babu filamu siku ambayo wewe haupo asiache deki ichague 5.1 yenyewe.